Majina tuazime, vitenzi tunavyo: Safari ya ioni hewani kwa Kiswahili

KUNA kauli ambayo nimeisikia kwa zaidi ya miaka 30 niliyofundisha chuo kikuu, na hadi leo haijachoka kurudiwa: kwamba Kiswahili kinafaa kwa mashairi, salamu na siasa, ila mambo ya sayansi yakifika, sharti tukae kando tuwaachie wenye Kiingereza chao. Wanaoisema si wajinga. Baadhi yao ni wasomi wenzangu, na ushahidi wao huwa mmoja tu: "Haya, nipe neno la Kiswahili la hiki. Nipe la kile." Ukikosa neno, kesi imekwisha.

Leo nataka kuijibu kauli hiyo bila kupiga domo. Nitachukua mada ambayo hata wanafunzi wa fizikia huiona ngumu, yaani jinsi ioni zinavyosafiri ndani ya gesi zinaposukumwa na umeme, niieleze papa hapa gazetini kwa Kiswahili hiki hiki unachonunulia sukumawiki. Wewe msomaji ndiwe hakimu. Na tusidhani kwamba mada yenyewe ni ya anasa. Kuna kifaa kidogo cha kutundikwa darini ambacho kazi yake yote hutegemea safari ya ioni. Kwa nchi iliyozika wanafunzi 67 wa Kyanguli mwaka wa 2001 na wavulana 21 wa Endarasha mwaka wa 2024, wote kwa sababu ya moto bwenini, kukielewa kifaa hicho si mchezo.

Tuanze na jina lenyewe, maana jina hili lina kisa chake.

Mnamo 1834, Michael Faraday, mwana wa mhunzi wa Uingereza ambaye hakupata elimu kubwa ya darasani, alikuwa akichunguza namna umeme unavyopita ndani ya vimiminika. Aling'amua kwamba kuna vitu vinavyosafiri humo kuelekea kwenye ncha mbili zilizounganishwa na betri. Lakini aviiteje? Kiingereza chake hakikuwa na neno. Je, alisema kwamba Kiingereza hakiwezi sayansi? Hasha. Alimwandikia barua William Whewell, msomi wa Cambridge aliyezijua lugha za kale, akamwomba msaada. Whewell akachimba katika Kiyunani, akatoka na anodi, kathodi na ioni. Bwana huyo huyo ndiye aliyewaundia Waingereza neno wanalolitumia hadi leo kwa maana ya "mwanasayansi".

Sasa, neno hilo "ioni" lina maana gani katika Kiyunani? Ni "kinachokwenda". Basi. Hakuna siri nyingine ndani yake. Lingekuwa limeundwa Lamu au Zanzibar, huenda leo dunia nzima ingekuwa ikisema "kiendacho".

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba lugha zote huanza zikiwa hazina neno. Hakuna lugha iliyozaliwa ikiwa na kamusi ya fizikia mkononi. La pili, ambalo naliona zito zaidi, ni kwamba jina halibebi elimu. Kuambiwa kwamba kitu fulani ni "kiendacho" hakukwambii kinakwendaje, kwa kasi gani, kinazuiwa na nani, na kikifika kinafanya nini. Elimu hiyo yote imo katika vitenzi. Na kwa vitenzi, ndugu zangu, Kiswahili hakimwombi mtu.

Haya, tuingie hewani.

Hewa tunayovuta ni mkusanyiko wa molekuli, nyingi zikiwa za naitrojeni na oksijeni. Molekuli ya kawaida haina upande katika mambo ya umeme: chaji chanya na chaji hasi zilizomo ndani yake zinalingana, zikafutana. Lakini molekuli inaweza kupokonywa elektroni moja ikabaki na chaji chanya, au ikanasa elektroni ya ziada ikawa na chaji hasi. Ikifikwa na mojawapo ya mambo hayo, imekuwa ioni.

Nani huzipokonya elektroni? Kuna wapokonyaji wawili wakuu. Mmoja yuko chini: miamba na udongo huwa na chembechembe za madini yanayotoa mnururisho. Wa pili yuko juu: miale inayotujia kutoka anga za mbali. Huyu wa juu alithibitishwa mnamo 1912 na Victor Hess wa Austria, aliyepanda puto hadi zaidi ya mita 5,000 akiwa na vipimo vyake, akaona kwamba kadiri alivyopaa ndivyo hewa ilivyozidi kuwa na ioni. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1936.

Hata hivyo, ioni hizi ni chache mno. Karibu na ardhi, katika hewa inayoweza kujaa kwenye kidonge kimoja cha sukari, yaani sentimita moja ya ujazo, huwa kuna ioni mia kadhaa hadi elfu moja hivi. Molekuli za kawaida katika nafasi hiyo hiyo ni takriban bilioni 25 mara bilioni moja. Kwa hivyo ioni moja huishi miongoni mwa umati wa molekuli zisizo na chaji, na ni nadra kukutana na ioni mwenzake. Gesi ya namna hii napendekeza tuiite gesi yenye ioni haba. Neno "haba" halikuwekwa hapa kwa madoido. Ndilo linaloeleza hali yenyewe: safari ya ioni huamuliwa na uga wa umeme pamoja na umati wa molekuli, wala si na ioni nyingine. Ndani ya jua mambo ni tofauti kabisa, maana huko karibu kila atomi imevuliwa elektroni zake na kila mmoja anamsukuma mwenzake.

Nimetaja uga wa umeme. "Uga" katika Kiswahili cha kawaida ni uwanja, mahali pa wazi mbele ya nyumba au kijijini. Wanafizikia wa Kiswahili walilichukua neno hilo wakalipa kazi ya pili: uga ni eneo ambalo kitu kikiingia humo husikia msukumo. Chukua vibati viwili, uviweke vikitazamana, kimoja ukiunge na upande chanya wa betri na kingine upande hasi. Nafasi iliyo kati yao ni uga wa umeme. Ioni chanya ikiwa humo husukumwa kuelekea kibati hasi, na ioni hasi kuelekea kibati chanya. Molekuli isiyo na chaji haina habari.

Hapa ndipo penye utamu. Tulifundishwa shuleni kwamba kitu kikisukumwa kwa nguvu isiyokoma, kasi yake huzidi kila sekunde. Embe likidondoka mtini, kadiri linavyoshuka ndivyo linavyozidi mbio. Kwa nini basi ioni isiongeze mbio mpaka kufika kibatini kama risasi?

Jibu limo katika kitenzi kimoja: hugongwa. Au kwa Kiswahili cha sokoni, hupigwa vikumbo.

Fikiria kijana mwenye mkokoteni akipita Marikiti ya Mombasa asubuhi ya Jumamosi. Nguvu anazo, na barabara ingekuwa tupu angekimbia. Lakini anasukuma hatua mbili, anamgusa mwenye kapu, anasimama. Anasukuma tena, anayumbishwa na mchukuzi wa ndizi, anaanza upya. Mwisho wa yote anasonga, tena kwa mwendo usiobadilika sana. Anachopata kwa kusukuma anakipoteza kwa vikumbo. Akiongeza nguvu maradufu, mwendo wake nao huongezeka maradufu, lakini hawi risasi.

Ndivyo ilivyo ioni. Katika hewa ya kawaida, molekuli husafiri umbali wa takriban sehemu moja kwa elfu ya upana wa unywele kabla ya kugonga nyingine, na hugongana mara mabilioni kila sekunde. Ioni nayo haina nafasi ya kushika kasi. Kila ikianza, inapigwa kikumbo.

Ila mfano wa Marikiti una kasoro, na mwalimu mwaminifu husema mfano wake unapokomea. Sokoni, watu wengi wamesimama au wanatembea polepole, naye mwenye mkokoteni ndiye mwenye haraka. Katika gesi, kila mmoja anakimbia. Molekuli za naitrojeni katika joto la chumbani huruka kwa kasi ya wastani ya takriban mita 470 kwa sekunde, kila moja ikielekea kwake. Ioni nayo imo katika mchafukoge huo huo. Msukumo wa uga ni kama mnong'ono katikati ya kelele.

Kwa hivyo tutafute mfano bora, na bahati nzuri Kiswahili kinao. Watafiti wa tawi hili la fizikia, wanapozungumzia ioni nyingi zinazosafiri pamoja katika gesi, hutumia neno ambalo kwao lina maana ya kundi la nyuki wanaohama. Sisi hatuna haja ya kuunda wala kuazima. Tunasema bumba la nyuki. Basi na tuseme bumba la ioni.

Tazama bumba la nyuki likihama. Mtazame nyuki mmoja: anazunguka, anarudi nyuma, anapaa, anashuka, anakwenda kombo. Huwezi kusema anaelekea wapi. Sasa litazame bumba lote kwa mbali: linasonga taratibu kutoka mwembe huu kuelekea mwembe ule. Mwendo wa nyuki mmoja ni wa kasi na hauna mwelekeo. Mwendo wa bumba ni wa polepole na una mwelekeo. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Mwendo huo wa bumba nitauita kasi ya mkokoto, kutokana na kukokota, kwa sababu uga unazikokota ioni hizi kupitia katikati ya umati. Aliyelipa jina la "mkokoteni" gari lile la sokoni alishatufanyia nusu ya kazi.

Tufanye hesabu ndogo. Ukigawa kasi ya mkokoto kwa nguvu ya uga, unapata kipimo ambacho napendekeza tukiite wepesi wa ioni: inakwenda kiasi gani kwa kila kiasi cha msukumo. Kwa ioni ndogo za hewani, wepesi huo ni takriban sentimita 1.5 kwa sekunde kwa kila volti moja kwa sentimita. Tuseme vibati vyetu vimeachana sentimita 2 na tumeviunga na betri ya volti 9. Uga ni volti 4.5 kwa kila sentimita. Zidisha: kasi ya mkokoto ni sentimita 6.75 kwa sekunde, mwendo ambao hata siafu hauogopi sana. Ioni inayovuka nafasi yote hiyo itachukua kama thuluthi moja ya sekunde, na njiani itakuwa imepigwa vikumbo mabilioni. Linganisha na zile mita 470 kwa sekunde. Mkokoto ni mdogo kuliko mchafukoge maelfu ya mara, lakini ndio pekee wenye mwelekeo, na kwa hivyo ndio unaofikisha mzigo.

Bumba nalo halisongi tu, bali pia linatanuka. Ioni zilizoanza pamoja huachana njiani, kwa sababu vikumbo haviwapi wote bahati sawa. Huu ndio mtawanyiko. Mwishoni mwa karne ya 19, John Townsend, mzaliwa wa Galway, Ireland, alionyesha kwamba mkokoto na mtawanyiko ni ndugu wa tumbo moja: vikumbo vinavyoizuia ioni isikokotwe upesi ndivyo vinavyoizuia isitawanyike upesi. Ukijua kimoja na joto la gesi, unaweza kukokotoa kingine.

Wakati huo, uwanja wote huu ulikuwa mpya. Mwaka wa 1895 Wilhelm Röntgen alikuwa amegundua eksirei. Mwaka uliofuata, J. J. Thomson pamoja na kijana kutoka New Zealand aitwaye Ernest Rutherford wakaonyesha kwamba eksirei huifanya hewa ipitishe umeme kwa kuzizalisha ioni ndani yake. Rutherford akaanza kuupima mwendo wake. Mnamo 1898 John Zeleny akabaini jambo lisilotarajiwa: katika hewa, ioni hasi huwa nyepesi kidogo kuliko ioni chanya.

Kisha akaja Paul Langevin wa Ufaransa, ambaye mnamo 1905 alitoa nadharia inayotumika hadi sasa. Alituambia kwamba molekuli isiyo na chaji haipuuzi kabisa ioni inayopita karibu. Ioni chanya huvuta elektroni za molekuli hiyo upande wake kidogo, molekuli inakuwa kama imeinamia, na wawili hao wanavutana. Kikumbo basi si cha mpira kugonga mpira tu. Ni kama mtu maarufu anayepita barabarani: hata kama hajagusana na mtu, kila anayemwona anageuka na kumsogelea, na safari yake inazidi kuchelewa. Katika hewa yenye unyevu, molekuli za maji hata humng'ang'ania, zikamganda mwilini. Ioni nyingi hewani husafiri zikiwa zimevaa maji.

Sasa niulize swali la Kikenya. Je, ioni ya Nairobi na ioni ya Mombasa, zikiwekwa katika uga ulio sawa, zinakwenda sawa? Hazendi sawa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyembamba. Hata tukizingatia kwamba Mombasa kuna joto zaidi, molekuli katika sentimita moja ya ujazo ya hewa ya Nairobi ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Vikumbo ni vichache, na ioni ya Nairobi huipita ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kwa tano. Ndiyo maana watafiti hawatazami nguvu ya uga peke yake. Huigawa kwa idadi ya molekuli, na kipimo kinachopatikana wamekipa jina la Townsend mwenyewe. Kwa kipimo hicho, Nairobi na Mombasa zinaweza kuzungumza lugha moja.

Jambo hili lina gharama za kweli. Mhandisi anayejenga kituo cha umeme wa nguvu kubwa kule Suswa hawezi kutumia vipimo vya kituo cha pwani vivyo hivyo. Mahali palipo juu ya mita 1,000, kanuni za uhandisi humtaka aongeze nafasi baina ya nyaya na vitu vingine, kwa sababu katika hewa nyembamba umeme huruka kwa urahisi zaidi.

Huruka vipi? Hapo ndipo uga unapokuwa mkali. Hadi sasa nimezungumzia uga wa upole, ambapo mkokoto ni mnong'ono. Uga ukizidi sana, ioni hupata nguvu nyingi kati ya kikumbo kimoja na kingine kuliko inayoweza kuipoteza, na bumba huanza kuwa na joto kuliko gesi linamosafiri. Hesabu zake zilifafanuliwa na Gregory Wannier mnamo 1953. Ukifika takriban volti 30,000 kwa kila sentimita katika hewa ya usawa wa bahari, elektroni zilizo huru, ambazo ni nyepesi kuliko ioni kwa maelfu ya mara, hushika mbio za kutosha kupokonya elektroni nyingine kutoka kwenye molekuli. Mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, na hewa inaporomoka ghafla na kupitisha umeme. Cheche ya plagi ya gari ni mporomoko wa namna hiyo. Radi wanayoifahamu vyema watu wa Kisii na bonde la Ziwa Victoria ni ukoo huo huo, ingawa yenyewe ina mambo yake mengine.

Turudi sasa kwenye uga wa upole na kile kifaa cha darini.

Kitambuzi cha moshi, kile cha aina ya ioni, kina chumba kidogo chenye vibati viwili na betri, sawa na vile nilivyovieleza. Ndani yake mna chembe ndogo sana ya madini yaitwayo amerisiamu 241, ambayo hutoa mnururisho wa alfa. Kila chembe ya alfa, katika safari yake ya sentimita chache hewani, inaweza kuzalisha zaidi ya laki moja ya jozi za ioni na elektroni. Ioni zinakokotwa kwenda vibatini, na mkondo mdogo mno wa umeme unapita bila kukatika. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa moshi uingie. Punje moja ya moshi, hata ile usiyoiona kwa macho, ni kubwa kuliko ioni kupita kiasi. Ioni ikiigusa, inanata. Mara moja ule wepesi wake unapotea. Ni kama nyuki aliyeangukia asali: chaji bado anayo, uga bado unamvuta, lakini hasongi. Mwisho huunganishwa na ioni ya chaji kinyume na kufutwa, au hupeperushwa nje pamoja na moshi. Ioni chache zinafika vibatini, mkondo unapungua, na saketi inayolinda mkondo huo inapiga king'ora. Kwa maneno mengine, kifaa hiki hakinusi moshi. Kinahesabu wasafiri, na wasafiri wakipungua kinapiga mayowe.

Watu huniuliza kama mnururisho huo una madhara. Alfa hazivuki hata karatasi, wala ngozi yako. Hatari ni kukifungua kifaa na kuichokoa ile chembe, jambo ambalo hakuna sababu ya kulifanya. Ijulikane pia kwamba aina hii ni hodari kwa moto wenye ndimi unaowaka upesi. Kwa moto unaofuka polepole, kama godoro lililoshika kaa, kuna aina nyingine inayotumia mwanga, nayo hutambua mapema zaidi. Wataalamu hushauri kuwa na zote mbili.

Kwa nini nayasema haya katika safu ya lugha? Miaka michache iliyopita nilialikwa katika shule moja ya bweni, ambayo sitaitaja, kuzungumza kuhusu Kiswahili. Baada ya hotuba nikazungushwa. Katika bweni moja nikaona darini kifaa cheupe cha mviringo kimevishwa soksi kuukuu, kikafungwa kwa mpira. Nikamuuliza mlezi wa bweni.

"Prof, hicho kidude kinatusumbua," akasema. "Jikoni wakiwasha kuni alfajiri, kinalia. Watoto hawalali. Tukakivisha."

"Mama, na ndani yake mna nini?"

"Si ni betri tu na kengele?"

Karatasi ya maelezo ilikuwa imebandikwa pale mlangoni, kwa Kiingereza kizito cha kiwandani, na haikuwa imemfaa kitu. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe: vibati viwili, nyuki wasioonekana wanaovuka, moshi unaowanata mabawa, na mayowe wasipofika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Kwa hivyo kikilia, ni kwamba kuna nyuki hawajafika nyumbani. Nasi tumefunga mlango moshi usiingie wauwapate."

Soksi ilitolewa siku hiyo hiyo, na fundi akaitwa akihamishe kifaa mbali na upande unaopokea moshi wa jikoni. Mama yule hakuambiwa neno "ioni" hata mara moja. Alielewa kwa sababu alipewa vitenzi: kuvuka, kunata, kufika, kulia. Angetaka jina baadaye, ningempa, naye angelibeba bila taabu.

Hii ndiyo hoja yangu kwa wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi. Hesabu maneno niliyoazima leo: ioni, molekuli, atomi, elektroni, chaji, volti, amerisiamu na mengine machache. Waingereza nao waliyaazima, tena mengi kwa Wayunani na Warumi ambao hawakuombwa ruhusa. Kisha hesabu yaliyotoka nyumbani: kukokota, kugongana, kupigwa kikumbo, kunasa, kunata, kutawanyika, kuporomoka, haba, uga, bumba, wepesi. Utaona kwamba mzigo wa maelezo umebebwa na haya ya pili.

Istilahi tunazihitaji, na kamati za kuzisanifu ziendelee na kazi. Huko nako tuwe macho, kwani maneno hugombaniwa. "King'amuzi" lingelifaa sana kifaa hiki cha moshi, lakini televisheni imeshalinyakua, ndiyo maana nimesema "kitambuzi". Hata hivyo, tusikae tukingoja kamusi ikamilike ndipo tuanze kueleza. Faraday hakungoja. Aliendelea kupima, na alipokwama kwa jina, aliuliza.

Pendekezo langu kwa walimu wakuu, na halihitaji bajeti ya serikali, ni hili. Chini ya kila kitambuzi cha moshi bwenini, bandikeni karatasi yenye sentensi tano kwa maandishi makubwa: Kifaa hiki hulia moshi unapoingia ndani yake. Usikifunike, usikifungue. Kikilia, toka kwanza, uliza baadaye. Kikitoa mlio mfupi mfupi kila baada ya muda, betri inakwisha. Mwambie mlezi leo, si kesho.